Robert Moog, fundi aliyekipa kinanda sauti ya solo

Mpenzi wa muziki wa Kongo hahitaji kuelezwa solo ni nini. Ni lile gita linalotoka mbele mwimbaji anaponyamaza, sebene inapoanza na watu wanaposimama kucheza. Docteur Nico alijengea jina lake hapo, na Franco vilevile. Kinanda cha umeme, ambacho wapigaji wetu wanakiita sinte, nacho kina solo yake: sauti moja inayoteleza kutoka noti hadi noti, inayonyanyuka juu ya magita na ngoma, na kulia karibu kama mtu. Aliyefanya sauti hiyo iwezekane hakuwa mwanamuziki wa jukwaani. Alikuwa fundi wa umeme wa Marekani, Robert Moog, aliyefariki tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 2005 akiwa na miaka 71.

Kijana anayeanza leo anawasha sinte yake, au programu ya kompyuta, na kukuta mamia ya sauti zilizotengenezwa kiwandani. Anachagua moja, anapiga. Siku akitaka kutengeneza ya kwake, anaona vifungo vingi vya kuzungusha na hajui aanzie wapi. Maisha ya Moog yanamfaa sana mtu wa namna hiyo, sababu vifungo vile havikushuka vyote kwa siku moja. Vilizaliwa kimoja kimoja, na vingi vilikuja kujibu shida ya mwanamuziki fulani aliyekuja kulalamika mlangoni.

Moog alizaliwa tarehe 23 mwezi wa 5 mwaka 1934, akakulia mtaa wa Queens, New York. Jina lake wengi wanalitamka vibaya: si Muug, ni Moog kwa “o” ndefu, kama tunavyosoma sisi kwa Kiswahili. Mama yake alimlazimisha kujifunza piano. Baba yake, George, alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya jiji na alikuwa na karakana ndogo nyumbani. Mtoto alipenda karakana kuliko piano, na nani angemlaumu.

Akiwa na miaka 14 hivi alijiundia theremin kwa kufuata mchoro wa gazeti la mafundi. Theremin ni chombo kilichobuniwa na Mrusi Léon Theremin karibu na mwaka 1920, na ukikiona kinapigwa utadhani ni mazingaombwe, maana mpigaji hakigusi. Kina antena mbili. Mkono mmoja ukisogea karibu na antena ya kwanza, noti inapanda. Mkono wa pili unaongeza au kupunguza ukubwa wa sauti. Hakina vitufe wala nyuzi. Sauti yake yenyewe ni karibu moja tu, haibadiliki sana. Hata hivyo Clara Rockmore, mpigaji mashuhuri kuliko wote, aliweza kuwaliza watu kwa sauti hiyo hiyo moja, sababu vidole vyake vilijua kuitetemesha, kuichelewesha na kuiteleza.

Moog alibaki na chombo hicho maisha yake yote, na ninaamini hapo ndipo somo lake la kwanza lilipo kwa yeyote anayetaka kutengeneza sauti ya solo. Sauti yenyewe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jinsi inavyosogea. Sauti nzuri iliyosimama wima kama mlingoti inachosha sikio ndani ya sekunde tano.

Mwaka 1954, akiwa bado mwanafunzi, alianza na baba yake kampuni ndogo ya kuuza theremin. Mwaka 1961 alichapisha mchoro wa theremin ya transista, akauza vifurushi vya vipande ambavyo mnunuzi alijiungia mwenyewe nyumbani, kimoja kwa karibu dola 50. Vikaondoka kama mikate, hadi karibu 1,000. Pesa hizo zilimsaidia kuendelea na masomo marefu aliyoyaanza kwa fizikia katika chuo cha Queens na uhandisi wa umeme Columbia, hadi udaktari wa fizikia ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell, alioupata mwaka 1965. Alihamia na familia yake mji mdogo wa Trumansburg, karibu na Cornell, akapanga nyumba ya duka barabarani na kuifanya karakana.

Mwishoni mwa mwaka 1963 alikwenda kwenye mkutano wa walimu wa muziki huko Rochester kuonyesha theremin zake. Huko alimkuta Herbert Deutsch, mwalimu na mtunzi ambaye tayari alikuwa amenunua kifurushi cha Moog na kukiunga. Deutsch alitaka kutunga muziki wa sauti mpya za umeme. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa mateso: mtunzi alirekodi sauti za mashine za maabara kwenye tepu, akakata tepu kwa wembe vipande vidogo vidogo, akaviunga kwa gundi, na baada ya wiki nzima akapata muziki wa dakika chache. Mwaka 1964, wakati wa kiangazi, Deutsch alikuja Trumansburg, wakakaa pamoja karakanani.

Jibu la Moog lilikuwa rahisi kulieleza, ingawa kulitengeneza kulimtoa jasho. Badala ya mkono wa mtu kuzungusha kifungo, umeme wenyewe ukizungushe. Alitengeneza chanzo cha sauti kinachotii volti: volti ikipanda kwa moja, noti inapanda oktava nzima. Kitufe cha kinanda kinatuma volti yake, chanzo kinaimba noti yake. Na kwa kuwa kila kitu sasa kinasikia lugha moja ya volti, kifaa kimoja kinaweza kuamuru kingine. Mtetemo wa polepole ukiutuma kwenye chanzo cha sauti, noti inatikisika kama koo la mwimbaji. Ukiutuma kwenye ukubwa wa sauti, sauti inapumua. Mwanafunzi anayeelewa jambo hili moja, kwamba kila kifungo kinaweza kuzungushwa na kitu kingine, amekwisha kuvuka mto mkubwa.

Lakini Deutsch hakuridhika. Akibonyeza kitufe, sauti ilianza ghafla, ikaendelea sawasawa kama king'ora, ikakatika ghafla. Hakuna chombo halisi kinachofanya hivyo. Kamba ya gita inagongwa, inalia kwa nguvu, kiisha inafifia taratibu; filimbi inaingia polepole, inakaa, inaondoka na pumzi. Moog alimtuma dukani kununua kitufe cha kengele ya mlangoni, akakiunga na kapasita ili volti ipande na kushuka kwa mwendo wake kila kitufe kinapobonyezwa. Kifaa cha kengele ya mlango ndicho kilichozaa sehemu ambayo leo iko kwenye kila sinte duniani. Baadaye kidogo mtunzi Vladimir Ussachevsky, wa studio ya Columbia, aliomba ipangwe kwa hatua nne: sauti inapanda kwa kasi gani, inashuka kwa kasi gani, inakaa kwenye kimo gani wakati kidole bado kimebonyeza, na inakufa kwa muda gani kidole kikiondoka. Mafundi wa sauti bado wanazihesabu hatua hizo hivyo hivyo.

Kitu cha tatu, ambacho ndicho kilimpa sifa, ni chujio. Chanzo cha sauti cha Moog kilitoa, kati ya maumbo mengine, wimbi lenye meno kama msumeno. Wimbi hilo lina kila kitu ndani yake: noti ya chini na wenzake wote wa juu. Ukilisikiliza peke yake ni kali, kama nyuki ndani ya debe. Chujio linaondoa wale wa juu na kuacha wa chini, na mpigaji anachagua mpaka uko wapi. Moog alilijenga kwa jozi za transista zilizopandana, na kwenye mchoro zinaonekana kama ngazi, ndiyo maana mafundi wanaliita chujio la ngazi. Alilipatia hati miliki mwaka 1969. Kuna kitu katika jinsi linavyofunga na kufungua ambacho watengenezaji wengine wamekifuata tangu siku hizo. Likifunguka haraka mwanzoni mwa noti na kurudi kidogo, sikio linasikia kama mdomo unaotamka.

Mwezi wa 10 mwaka 1964 alipeleka vifaa vyake kwenye mkutano wa wahandisi wa sauti mjini New York, akarudi na oda. Mteja wa kwanza alikuwa Alwin Nikolais, mwalimu wa ngoma za jukwaani. Katika miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa Marekani, Don Buchla wa California alikuwa akitengeneza mashine ya namna hiyo hiyo, ila yeye alikataa kuwekea vitufe vya piano. Aliona vitufe vitawarudisha watu kwenye muziki wa zamani. Moog, kwa ushauri wa Deutsch, aliweka vitufe. Buchla alikuwa na hoja, lakini kwa upande wa solo Moog ndiye aliyeshinda, sababu mpiga piano yeyote alikaa mbele ya mashine yake na vidole vikajua pa kwenda.

Bado ilikuwa kabati kubwa yenye nyaya nyingi mbele, na ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitumia kabati hiyo kurekodi muziki wa Bach, mstari mmoja mmoja, akiipanga upya sauti kila mara kwa sababu haikukaa kwenye noti. Sahani ile, Switched-On Bach, iliuzwa zaidi ya milioni moja na kupata tuzo tatu za Grammy. Carlos alikuwa mteja mkali. Ni yeye aliyemsukuma Moog kutengeneza vitufe vinavyohisi nguvu ya kidole na kuboresha namna ya kuteleza kutoka noti hadi noti. Halafu mwaka 1970 Mwingereza Keith Emerson alipiga, mwisho wa wimbo Lucky Man wa kundi lake, sinte ya Moog inayopanda kutoka chini kabisa hadi juu kwa kuteleza. Vijana wengi wa wakati huo walisikia hapo kwa mara ya kwanza kwamba kinanda kinaweza kusimama mahali pa gita la solo.

Si wote walifurahi. Wanamuziki wa studio nchini Marekani waliogopa kwamba mashine moja itawanyang'anya kazi watu kumi, na chama chao kikajaribu kuiwekea mipaka. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Wapiga tarumbeta wetu wanajua kilichotokea bendi zilipoanza kununua kinanda badala ya kulipa watu watatu wa kupuliza.

Ajabu ni kwamba wakati jina lake linavuma, Moog alikuwa anafilisika. Kabati zile zilikuwa ghali mno, wanunuzi wakapungua, naye kwa biashara hakuwa na kichwa. Mmoja wa wahandisi wake, Bill Hemsath, alianza kukusanya vipande vilivyobaki karakanani na kuviunga ndani ya sanduku moja dogo lenye vitufe, bila nyaya za nje. Moog mwenyewe hakuliamini sana mwanzoni. Sanduku hilo, baada ya majaribio kadhaa, likawa Minimoog Model D mwishoni mwa mwaka 1970: vitufe 44, vyanzo vitatu vya sauti, chujio la ngazi, magurudumu mawili upande wa kushoto. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,495. Mpiga jazi Sun Ra alipata moja ya zile za majaribio hata kabla haijaingia sokoni.

Minimoog ndiyo ninayompendekezea anayeanza, ya kweli au ya programu, sababu vifungo vimepangwa kufuata njia ya sauti kutoka kushoto kwenda kulia, na kazi ya kutengeneza solo inafuata njia hiyo hiyo. Anza na chanzo kimoja, wimbi la msumeno, vingine vyote zima. Funga chujio mpaka sauti iwe giza, kisha ulifungue taratibu hadi usikie inaanza kuongea, simama hapo. Sasa washa chanzo cha pili kwenye noti ile ile, na ukisogeze kidogo sana nje ya noti. Ni kama waimbaji wawili wa kwaya wanaoimba mstari mmoja: hawalingani kabisa, na ndiyo sababu sauti inanenepa. Ukizidisha, inachacha, na hakuna kifungo kingine kitakachoirekebisha. Cha tatu kinaweza kukaa oktava moja chini, kwa sauti ndogo, au kisiwepo kabisa.

Kwa zile hatua nne, solo inataka kupanda haraka, kushuka kidogo, kukaa juu na kufa upesi. Wanaoanza wengi wanaiacha ife polepole kwa sababu peke yake chumbani inapendeza, halafu kwenye bendi kila noti inaikanyaga inayofuata. Na hiyo ndiyo sababu sauti ya solo ipimwe wakati ngoma, besi na magita vinapiga, si nyumbani kwenye vifaa vya masikioni. Sauti nene sana inagombana na besi, na sauti inayokaa kimo cha mwimbaji inamfunika mwimbaji. Mara nyingi dawa ni kupunguza, wala si kuongeza. Mwangwi na mapambo mengine yaje mwisho kabisa. Sauti mbovu ukiiwekea mwangwi unapata sauti mbovu iliyo ndani ya kanisa kubwa.

Halafu mkono wa kushoto. Gurudumu moja linapindisha noti juu na chini, la pili linaleta mtikisiko. Jan Hammer, mpiga kinanda mzaliwa wa Czechoslovakia, aliyatumia mpaka wasikilizaji wakadhani ni gita. Alifanya alichofanya mpiga gita: hakuingia kwenye noti moja kwa moja, alikuja kutoka chini yake, na mtikisiko aliuchelewesha hadi noti ianze kuzeeka. Anayetaka kujifunza hilo hahitaji kwenda mbali. Achukue sebene moja, asikilize solo, ajaribu kuiga kwa gurudumu kila mahali kidole cha mpiga gita kinapovuta uzi. Jambo hili linachukua miezi, si dakika, lakini ndilo linalotofautisha sauti ya kiwandani na ya mtu.

Unene maarufu wa Minimoog, kwa sehemu, ulitokana na hesabu iliyokosewa: vyanzo vya sauti viliingia kwenye chujio kwa nguvu kupita ilivyokusudiwa, vikalilemea kidogo, na ule ulemevu ukapendeza. Mashine haikuwa na kumbukumbu yoyote. Ukiizungusha, sauti ya jana imepotea. Wapigaji walichora mahali kila kifungo kilipo kwenye karatasi, na kwa usumbufu huo walizijua sauti zao kwa kichwa.

Minimoog karibu 12,000 zilitengenezwa hadi mwaka 1981, lakini aliyenufaika hakuwa Moog. Mwaka 1971 madeni yalimlazimisha kuikabidhi kampuni kwa mfanyabiashara Bill Waytena. Mwaka 1973 ikauzwa tena, kwa kampuni kubwa ya Norlin. Yeye alibaki humo kama mfanyakazi hadi mwaka 1977, akiona jina lake mlangoni bila neno lake kuwa na uzito ndani. Alipoondoka, jina lilibaki huko. Alihamia milima ya North Carolina, akafungua karakana aliyoiita Big Briar, na akarudi kutengeneza theremin, ile kazi ya ujana wake. Miaka ya 1980 alifanya kazi pia kwa Kurzweil, kampuni nyingine ya vinanda. Mtu ambaye jina lake liliandikwa kwenye maelfu ya vyombo hakuruhusiwa kuliandika kwenye chake mwenyewe.

Alilipata tena mwaka 2002, baada ya vuta nikuvute ya kisheria. Mwaka huo huo alitoa sinte mpya, Minimoog Voyager, safari hii yenye kumbukumbu. Sweden ilikuwa imempa Tuzo ya Muziki ya Polar mwaka 2001, na Grammy ya ufundi ikafuata mwaka 2002. Mwezi wa 4 mwaka 2005 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye ubongo. Alifariki miezi minne baadaye nyumbani kwake Asheville, akiacha mke wake Ileana na watoto. Mwaka 2016 kampuni yake ilianza kutengeneza tena Minimoog ile ya kwanza, vifungo karibu vyote vikiwa mahali pale pale.